Onyesho la Mwamini, Yeye Peke Yake na Gitaa Langu

Wanangu, juzi Feza, binti wa jirani yangu hapa Kasuku, alikuja na simu mkononi akaniambia anatayarisha onyesho lake la kwanza. Ataimba, atacheza, ataigiza watu wote yeye mwenyewe, saa nzima, ili watu wa redio na wenye makundi makubwa wamjue. Nikamwuliza nani atampigia. Akanionyesha simu: muziki wote umo humo, umepangwa tayari. Nikamwambia vizuri, lakini ukisahau neno, hiyo simu itakungoja? Akacheka tu. Sikumlaumu, maana ninyi mna vitu ambavyo sisi tungevipata tungelala navyo kitandani. Lakini aliponiomba nimweleze sisi tulifanyaje, niliona heri niwaandikie nyote mara moja. Feza si wa kwanza kuniuliza, na siku hizi kuzungumza sana kunanichosha kifua.

Mimi nilikuwa mpiga gitaa wa maigizo. Si wa orkestra, msichanganye. Mpiga gitaa wa orkestra anataka aonekane. Wa maigizo anakaa pembeni kwenye kiti kibovu na kazi yake ni kumfuata mwigizaji popote aendako, hata akipotea. Aliyenifundisha ni Mzee Salumu, mfanyakazi wa reli, mtu mpole kwa kila jambo isipokuwa kazi hii. Tulikuwa tunakaa bega kwa bega kwenye mazoezi, na kila nilipotazama nyuzi badala ya kumtazama mwimbaji, alinikanyaga mguu. Alisema nyuzi hazina miguu, mwimbaji ndiye anayekimbia. Vidole vyangu vya mguu vilijua kazi kabla ya vile vya mkono.

Basi katika miaka yangu yote ya kukaa kwenye kile kiti, nimefuata wazuri na wabaya, na walevi wawili watatu. Lakini mtu aliyeijua kazi hii mpaka nikasahau kwamba na mimi niko kazini, nilimwona mmoja. Jina lake Mwamini.

Kabla ya vita alikuwa katika kundi letu, akipewa zile nafasi ndogo za kuleta maji na kusema "karibu baba". Vita vilipofika Kindu kundi likatawanyika. Wengine walivuka mto wakaingia msituni, wengine wakafuata ndugu zao Kasongo, na Mzee Salumu alikwisha kufa kwa ugonjwa. Reli ilinyamaza. Mji ukazungukwa, chumvi ikawa kitu cha kuhadithia. Siku moja nilimkuta Mwamini ameketi kwenye ngazi ya ukumbi wa parokia tuliokuwa tunachezea, mimi na yeye tu, nikamwambia kundi limekwisha. Akauliza tulikuwa na watu wangapi katika mchezo wa mwisho. Nikamhesabia.

"Basi mimi njo nitakuwa wote," akasema.

Nilidhani ni uchungu unaosema. Kesho yake alikuja na mchezo kichwani.

Ulikuwa hivi, nanyi mtaona ulivyo mwepesi: mama mmoja anatoka Kailo na baiskeli yenye gunia la mchele, analeta Kindu kwa mume wake. Njiani anakutana na askari wa kizuizi, na mchuuzi mjanja, na bibi kizee anayekataa kukimbia vita kwa sababu kuku wake anaatamia. Akifika nyumbani anakuta mlango wazi na mume hayupo, na watu wanamwambia amekufa. Hapo anaimba wimbo wa kilio, ule wa wazee wetu, na mchezo unakwisha. Kila mtu ana wimbo wake, na wote ni Mwamini.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi. Wengi wenu mkitaka kuwa watu watano mnatafuta nguo tano. Mwamini alikuwa na kitenge kimoja. Kikiwa kiunoni, ni mama wa mchele. Kikiwa begani, ni mchuuzi. Kikikunjwa na kubanwa kwapani, ni bibi na kuku wake, na nawaapia nilimwona yule kuku. Lakini kitenge kilikuwa ushahidi tu. Kabla mkono haujakigusa, miguu yake ilikwisha kubadilika. Alikwenda barabarani siku nyingi kutazama watu wanavyotembea, akirudi ananionyesha: huyu anatembea na kisigino, huyu anatanguliza tumbo, yule askari anatembea na viatu vya mtu mwingine. Alikuwa anasema sauti inaweza kudanganya lakini mguu unasema kabila lake. Mimi nikampa kila mtu mlio wake mdogo kwenye gitaa, ili hata aliye nyuma ya nguzo ajue nani ameingia.

Nyuzi zilipokatika hatukuwa na duka la kwenda. Nilichukua waya wa breki ya baiskeli, nikaufumua, nikapata nyuzi nyembamba za kutosha. Zilikata vidole, na mlio wake ulikuwa mkali kidogo, lakini ulisikika mpaka barabarani. Na jambo hili mlishike: siku ya onyesho, shusheni wimbo kidogo kuliko mlivyozoea kwenye mazoezi. Woga unapandisha sauti wenyewe. Mtu akianzia juu, woga ukamwongezea, atafika mahali pa kulia wakati bado anacheka. Mimi nilikuwa nabana shingo ya gitaa kwa kipande cha penseli na mpira wa tairi, na siku ya watu nilikuwa nakishusha bila kumwambia Mwamini. Yeye alijua siku zote, akinitazama tu kwa jicho la pembeni.

Tena msijaribu nyimbo zenu mbele ya rafiki. Rafiki atasifu. Mwamini alikuwa anakwenda kuimba kule wanawake wanakotwanga mpunga, anajifanya ana shughuli zake. Wakiacha kutwanga wamsikilize, anarudi amenuna, anasema wimbo una kasoro. Wakiendelea kutwanga, na mchi ukaingia wenyewe katika mwendo wa wimbo wake, anarudi anaruka. Nilikuwa sielewi. Nilielewa baadaye kwamba anayeacha kazi kukusikiliza anakustaajabia, lakini anayetwanga nawe umekwisha kumwingia.

Tulipokuwa hapo ndipo ndege za kwanza kutoka Kinshasa zilipoanza kutua tena, ingawa upande wa Alunguli risasi zilikuwa bado zinasikika. Katika ndege moja akaja bwana mmoja mwenye kundi la maigizo, akitafuta waigizaji wa kuzunguka nao nchi nzima. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia ndizi. Padri akamwambia kuna msichana hapa anacheza peke yake. Akasema atamtazama Jumapili, maana ndege yake inarudi Jumatatu. Basi. Mlango ulikuwa huo mmoja, na haukuwa na ahadi ya kufunguka tena.

Mwamini akasema tuutengeneze wimbo wa kilio uwe kilio kweli. Mpaka siku ile alikuwa anaugusa tu, anauacha.

Ninyi wa leo mnasikia kilio kwenye spika kila wiki, labda hamjui. Kwetu Kindu ule wimbo si wa kujaribia. Mwanamke akikaa chini, akavua kitambaa cha kichwa, akapaza ile sauti, majirani wanaacha sufuria motoni. Hakuna anayeuliza kwanza. Na miaka ile watu walikuwa wamejaa machozi tayari, wanasubiri nafasi tu.

Asubuhi ile mimi nilikwenda kutafuta waya wa breki. Mwamini akabaki uani kwao, mama yake ameenda shamba, akaona nyumba ni tupu, akakaa chini, akavua kitambaa, akaimba. Niliporudi nikakuta ua umejaa. Wanawake wako chini, vichwa wazi. Mtu amekwisha kuleta mikeka, mwingine kuni. Mzee mmoja wa msikitini anauliza habari ya sanda. Na mimi, wanangu, mimi niliyeujua ule wimbo neno kwa neno, nikavua kofia, nikatafuta mahali pa kukaa. Nikamwuliza mzee aliye karibu nani amekufa.

"Ikala kwanza," akaniambia. "Jina litakuja."

Nikakaa, nikaanza kulia. Mwamini katikati alikuwa analia kweli sasa, kwa woga, akijaribu kuwaambia ni mchezo, na kila alipofungua mdomo wanawake walimkumbatia wakamwambia anyamaze, uchungu unamsemesha. Ningecheka hadi leo, kama hadithi ingeishia hapo.

Lakini mama yake akarudi kutoka shamba. Jina lake lilikuwa Mama Shabani, kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, kaka yake Mwamini. Shabani alikwenda Punia kuchimba madini kabla vita havijafika. Njia ikafungwa, na tangu hapo hapakuwa na barua wala msafiri aliyemwona. Watu walikuwa wameanza kumtaja polepole, kwa ile namna ya kumtaja marehemu, na mama yake kila aliposikia hivyo aliinuka akaondoka. Sasa anafika kwenye mlango wa ua wake, anaona mikeka, anaona vichwa wazi, anamwona binti yake chini. Kikapu kikamtoka kichwani. Hakuuliza jina. Akaanguka palepale juu ya mihogo yake.

Ilichukua muda mrefu kumwelewesha. Alipoelewa hakupiga kelele. Alimtazama Mwamini akasema, "Munamulilia mutoto wangu, na yeye iko muzima?"

Akaingia ndani. Kwetu kumlilia ambaye hajafa ni kumwonyesha kifo njia ya kwake, na hata mimi, Mkristo wa ubatizo wa maji mengi, naliogopa hilo.

Mwamini aliutoa ule wimbo siku ileile. Hakubishana, hakuomba. Tulijaribu kumaliza mchezo kwa wimbo wa furaha, ukawa kama chai baada ya mazishi. Tukajaribu kumaliza kimya. Mama wa mchele anafika, anakuta mlango wazi, anatazama, mwisho. Padri alitazama mazoezi akauliza lini tutaendelea. Mchezo haukuwa na mwisho bila kilio, na Mwamini alijua, na Jumapili ilikuwa inakuja. Kilichonishangaza kwake ni hiki: hakumnunia mama yake hata saa moja. Alimfuata shamba, alimchotea maji, alitwanga naye. Nilipomwambia huenda mama atalainika, alinikata. Alisema kama nafasi yake itapitia juu ya mgongo wa mama yake, afadhali ndege iende tupu. Nilikuwa mtu mzima kuliko yeye, na niliona haya, kwa sababu mimi nilikuwa nimeanza kufikiri namna ya kumficha yule mama Jumapili.

Siku mbili kabla ya onyesho, walikuwa wanatwanga mpunga, mimi nimekaa pale na gitaa langu bila kazi. Mama Shabani akasimamisha mchi akauliza, bila kumtazama mtu, "Ule wimbo, unauimbaka namna gani?"

Mwamini akamwambia anakaa chini, anavua kitambaa.

"Njo pale unakosea. Muntu wa kilio anaikalaka chini. Mwenye kusimama, ule anangojaka." Akatwanga mara kadhaa, akaacha tena. "Simama. Funga kichwa. Vaa viatu. Ukiimba vile hauite kifo. Unaita yeye."

Kisha akaendelea na mpunga wake. Nimesoma na waalimu wa maigizo, nimekaa kwenye semina zenye chai na mandazi. Sijasikia mtu akimpa mwigizaji neno la namna ile. Mchezo mzima uligeuka hapo hapo. Mama wa mchele sasa hakubali. Watu wanamwambia mumeo amekufa, kaa chini tulie, naye anaimba kilio chote, maneno yote, amesimama, anatazama njia. Viatu Mama Shabani alitoa vyake vya Idi, vikambana Mwamini vidole. Alisema vyema, vitamzuia kusahau.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Askari walikaa mbele, hakuna aliyewaambia wakae nyuma. Bwana wa Kinshasa aliwekewa kiti chenye mto. Mama Shabani akaja, akakaa katikati ya wanawake, amejifunika ushungi wake.

Niwaambie kwanza kituko kimoja, kwa sababu kitawakuta na ninyi. Mnajua watu wetu wakipendezwa wanapanda jukwaani kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Kwenye dansi ni heshima, kwenye mchezo ni balaa, maana mwigizaji anashukuru na mtu aliyekuwa anaigiza anakufa. Mwamini yuko kwenye wimbo wa askari wa kizuizi, kijana mmoja akapanda akambandika noti. Yeye hakutoka kwenye uaskari hata ukucha. Aliibandua noti polepole, akaigeuza mbele na nyuma, akamwangalia yule kijana juu mpaka chini.

"Hii ni ya velo," akasema, maana baiskeli kwetu ni velo. "Ya mwenye velo iko wapi?"

Ukumbi ulishika pumzi, kwa sababu ya wale waliokaa mbele. Mkubwa wao akatazama viatu vyake, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na alipocheka yeye, watu wote walicheka mpaka nikashindwa kusikia gitaa langu. Kijana alilipa tena, akaruhusiwa kupita. Mimi nilimalizia ule wimbo nikiwa na machozi ya kicheko, na nilikosea mara mbili, na Mwamini alinifunikia makosa yote mawili.

Ndipo akafika nyumbani, mlango wazi. Hapo mimi sina kazi, kilio hakina gitaa. Niliweka mikono magotini. Mwamini akakaza kitambaa kichwani, akasimama juu ya vile viatu vinavyobana, akaanza.

Sauti ilipotoka tu, wanawake wakafanya kile ambacho miili yao inajua. Mmoja akavua kitambaa. Wa pili akateremka kutoka kwenye benchi kwenda sakafuni. Kila mmoja alikuwa na wake, aliyekwenda asirudi, ambaye hakuna aliyemzika. Benchi nzima zilianza kushuka. Nikamwona Mwamini ameona. Angeweza kuacha. Sauti ilitikisika mara moja tu, akaishika, akaendelea, akitazama mlango wa ukumbi kama mtu anayetazama njia ya Punia.

Mama Shabani akasimama.

"Musiikale," akawaambia wenzake. "Hajakufa."

Hakusema kwa nguvu. Lakini waliokuwa chini wakamtazama, kisha mmoja mmoja wakaanza kuinuka. Wakafunga vitambaa vyao. Wanaume wakasimama, na wale askari nao, sijui kama walijua kwa nini. Wimbo wa kilio, ule ambao wazee wetu hawajawahi kuuimba ila chini, uliimbwa mpaka mwisho na ukumbi mzima umesimama, kimya, kila mtu anaita wake.

Bwana wa Kinshasa alidhani wanampa msichana heshima. Akasimama pia akaanza kupiga makofi peke yake, mpaka padri alipomshika mkono. Baadaye aliniuliza kwa Kifaransa huyu ni nani ambaye mji unamsimamia. Ningeweza kumwachia dhana yake, ilikuwa nzuri kwa kazi yetu. Nikamweleza yote, mpaka Shabani na Punia. Akafuta miwani, kisha akauliza kama Mwamini ataweza kuwa uwanja wa ndege kesho asubuhi.

Aliweza. Mengine labda mmeyasikia, kwa sababu sasa mnamjua kwa jina kubwa na mnajua nchi alizochezea. Aliuchezea mchezo ule miaka mingi, na nikikutana naye huniambia kwamba hata sasa viatu vya jukwaani anachagua vinavyobana kidogo. Nilimsikia Feza akisema Mwamini alizaliwa na kipaji. Sawa, kipaji alikuwa nacho. Lakini mimi nilimwona akitafuta miguu ya watu barabarani kwenye jua, na nilimwona akiuacha wimbo wake mzuri kuliko zote kwa ajili ya mama yake, bila kujua kama utarudi. Hayo hayazaliwi.

Shabani hakurudi. Barabara ilifunguliwa, wachimbaji wakarudi, wengine wazee, wengine na wake na watoto, na Mama Shabani aliwauliza wote. Nilikuwa nampitia mara kwa mara, hakuwahi kusema "nilikuwa na mtoto". Alisema "nina". Mwaka juzi akafa, kwa uzee tu, usingizini.

Mwamini alifika na ndege ya siku iliyofuata. Alivua viatu mlangoni, akavua kitambaa, akakaa chini uani pale pale, akamlilia mama yake mpaka sauti ikamwisha. Sijasikia kilio kama kile, na hakukuwa na mchezo ndani yake. Wanawake walikuwa wanaongoza wimbo kwa zamu, wakiwataja wafu wa nyumba ile mmoja baada ya mwingine, baba, babu, shangazi. Kisha mama mmoja, kwa nia njema, akaona sasa hakuna wa kuumizwa tena, akamtaja Shabani.

Mwamini akainuka. Alikuwa amechoka, mimi mwenyewe nilimpa mkono. Akafunga kichwa, akatafuta viatu vyake kati ya viatu vya watu, akavivaa, akasimama pale uani mpaka jina la kaka yake likapita.